Kabla Hujamlaumu Mwandishi, Uliza Redio Ni Ya Nani



Kila tukikaa kikao cha mtaa, iwe Majengo, Kisauni, Likoni au Old Town, lazima ainuke mtu kuwalaumu waandishi wa habari. "Hawa washanunuliwa." "Githeri media hao." "Wakija tena tuwafukuze." Hasira hiyo naielewa kabisa. Watu wamechoka kuona mambo yao hayasemwi, na yakisemwa yanasemwa kombo.

Lakini leo nataka tuongee kitu ambacho huwa tunakiruka. Mwandishi ni mwajiriwa. Juu yake kuna mhariri, juu ya mhariri kuna mkurugenzi, na juu ya mkurugenzi kuna mwenye mali. Pembeni yao wote kuna anayelipa matangazo. Ukimzomea yule kijana aliyebeba kamera juani, umemzomea mtu wa mwisho kwenye foleni. Mwenye mali yuko zake Nairobi, hata jina lake hatulijui, na kelele zetu hazimfikii.

Hoja yangu ni hii: uhuru wa habari Kenya hii unategemea zaidi nani anamiliki na nani analipa, kuliko tabia ya mwandishi mmoja mmoja. Na kama hatutajifunza kuuliza swali hilo sasa, tutafika Agosti 2027 tukipiga kura kwa habari ambazo hatujui zimetoka mfukoni mwa nani.

NANI ANA NINI

Hebu tuhesabu pamoja.

Royal Media Services ni ya mfanyabiashara S.K. Macharia. Humo mna Citizen TV, Radio Citizen na msururu wa redio za lugha za nyumbani: Inooro, Ramogi, Musyi na nyinginezo, pamoja na Bahari FM tunayoisikiliza hapa Pwani. Macharia hakuficha siasa zake. Uchaguzi wa 2022 alisimama hadharani upande wa Raila Odinga.

Mediamax ina K24, Kameme FM, Milele FM na People Daily, na inahusishwa na familia ya Kenyatta. Fikiria hilo polepole. Kuanzia 2013 mpaka 2022 rais alikuwa Ikulu, na vyombo vinavyohusishwa na familia yake ndivyo vilikuwa vikitueleza kama rais anafanya kazi nzuri au la.

Standard Group ina KTN, gazeti la The Standard na Radio Maisha, na inahusishwa na familia ya Moi. Vijana wengi hawajui kwamba gazeti hili lilizaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1902, likiitwa African Standard, na aliyelianzisha ni A.M. Jeevanjee. Baadaye likauzwa, likahamia Nairobi, na mwaka 1967 likanunuliwa na kampuni ya Lonrho ya Uingereza kabla ya kuja mikononi mwa wenyeji wenye uzito wa kisiasa.

Nation Media Group ilianzishwa na Aga Khan wa nne, na Daily Nation lilianza kutoka mwaka 1960. Humo mna NTV na Taifa Leo. Nayo Radio Africa ina The Star, Kiss FM na Radio Jambo.

Halafu kuna KBC, ya serikali. Yaani ya kwetu, ingawa hatuihisi kuwa ya kwetu. Nitarudi hapo.

Makampuni matano na shirika moja la serikali. Ziko stesheni nyingine nyingi, za dini, za magavana na wabunge, za wafanyabiashara wadogo. Lakini kwa sehemu kubwa ya Wakenya, habari ya saa moja usiku inatoka katika nyumba hizi chache.

Sasa kuna kichekesho kimoja. Sheria yetu ya habari na mawasiliano inasema chama cha siasa hakiruhusiwi kupewa leseni ya utangazaji. Sababu iko wazi: chama kikiwa na redio, uchaguzi hauwi sawa. Lakini mwanasiasa mwenyewe, au mkewe, au kampuni ya binamu yake, anaweza kuwa na hisa na sheria haina neno. Mlango wa mbele umefungwa kwa kufuli, wa uani uko wazi.

MKONO WA MWENYE MALI

Si lazima mwenye mali apige simu kila siku. Watu wa chumba cha habari wenyewe wanajua mipaka. Wanajua ni nani hagusiki, ni kampuni gani haisemwi, ni kesi gani inaandikwa kwa aya mbili. Mtu akifukuzwa mmoja, wengine hamsini washajifunza.

Mwezi wa Januari 2016 Denis Galava, aliyekuwa mhariri pale Nation, alipoteza kazi baada ya tahariri ya mwaka mpya iliyomkosoa Rais Uhuru Kenyatta kwa maneno makali. Haikupita muda, mwaka huo huo, mkataba wa Gado, mchora vibonzo ambaye Afrika Mashariki yote inamjua, haukuendelezwa. Mwezi wa Machi 2018 waandishi wanane wa makala za maoni wakaacha kuliandikia shirika hilo kwa pamoja, wakilalamika kwamba uhuru wa uhariri umebanwa. Miongoni mwao alikuwamo Maina Kiai, Rasna Warah na Padre Gabriel Dolan, ambaye sisi wa Mombasa tunamfahamu kwa kazi ya haki za ardhi na makazi.

Nimetaja mifano hii kwa makusudi, na zote ni za nyumba moja. Kwa sababu kila tukiongea habari hizi, kuna ndugu atasema: "Dawa ni Waislamu tununue runinga yetu." Ndugu yangu, Nation ilianzishwa na kiongozi wa Kiislamu, imamu wa Maismaili, na kwa miaka mingi ilisifika kuwa nyumba ya habari yenye heshima kuliko zote. Na bado hayo yametokea humo. Dini ya mwenye mali haimlindi mwandishi. Kinachomlinda ni utaratibu: nani anaajiri mhariri, nani anaweza kumtimua, kwa sababu gani, na kama hayo yameandikwa mahali ambapo wewe na mimi tunaweza kuyasoma.

Tajiri wetu akinunua stesheni kesho, na kesho kutwa akataka ubunge, je, stesheni hiyo itasema tenda aliyopata kaunti aliipataje? Tujiulize kwa ukweli.

MKONO WA ANAYELIPA

Gazeti haliendeshwi na zile shilingi zako za asubuhi. Runinga hulipii kabisa. Pesa inatoka kwa matangazo. Na Kenya hii watangazaji wakubwa ni wachache: serikali, mabenki, makampuni ya simu, ya bia na ya kamari. Anayelipa ada ya shule ya watoto wa wafanyakazi ndiye anayesikilizwa.

Serikali inajua nguvu hiyo na inaitumia. Mwaka 2015 ilianzisha wakala wa kushughulikia matangazo yake yote, GAA, badala ya kila wizara kujinunulia. Kwa karatasi jambo hilo lilionekana ni kubana matumizi. Kwa vitendo likawa bomba moja lenye koki moja, na mwenye koki ni serikali. Mwezi wa Machi 2024 likatoka agizo kwamba matangazo ya serikali ya redio na runinga yaende KBC peke yake. Stesheni za binafsi zikanyimwa siku hiyo hiyo.

Pesa hiyo ni kodi yako. Ile ya mafuta, ya M-Pesa. Tangazo la serikali liko pale ili mwananchi apate habari, kwamba kuna zabuni, kuna kazi, kuna chanjo. Likigeuzwa kuwa zawadi kwa anayesifu na adhabu kwa anayekosoa, basi wewe unalipa ili unyamazishwe.

Makaunti nayo yamejifunza mchezo huu. Gavana akikaa redioni saa nzima kila wiki, na hakuna mpiga simu anayeuliza swali gumu akapitishwa, ujue kile kipindi hakikuja bure.

Matokeo yake yanamwangukia yule kijana wa mwisho kwenye foleni. Pesa ikipungua, wanaopunguzwa ni waandishi. Julai 2024 Standard Group ilitoa notisi ya kupunguza mamia ya wafanyakazi. Wengi wanaotuletea habari za Pwani ni maripota wa kulipwa kwa stori. Stori isipochapishwa, hakuna malipo. Nauli ya kwenda Lamu au Tana River ni juu yake. Mtu kama huyo akipewa "nauli" ya bahasha na mwanasiasa, tunamwita mla rushwa, na kweli rushwa ni rushwa. Lakini tusisahau kuuliza kwa nini mwajiri wake amemtuma njiani bila nauli.

Sisi tunaopanga mikutano ya familia na waandishi tumeyaona haya kwa macho. Kuna mama mmoja mwanawe alichukuliwa usiku na watu wasiovaa sare. Tuliita waandishi, wakaja watano. Walimsikiliza mama mpaka mwisho, mmoja akashindwa kuzuia machozi. Usiku tukakaa kwenye runinga. Stesheni tatu kimya. Moja ikatoa sekunde chache, na maneno yote yakawa ya polisi: mshukiwa. Kesho yake mmoja wa wale vijana akaniambia, "Nilituma yote. Desk ndiyo imekata." Nilimwamini, kwa sababu nilikuwa nimeiona kazi yake kwenye simu yake.

Hilo neno "mshukiwa" lina bei yake. Likishatangazwa, mwenye nyumba anamwambia mama ahame, jirani anaacha kumsalimu, na hakuna wakili anayetaka kesi. Mahakama haijasema kitu bado.

MKONO WA DOLA KWENYE SWICHI

Kuna wakati mwenye mali anakataa kuinama, na hapo ndipo dola inakuja yenyewe.

Tarehe 2 Machi 2006, usiku, polisi waliofunika nyuso walivamia Standard, wakachoma magazeti na kuizima KTN. John Michuki, waziri wa usalama wakati huo, hakuomba radhi. Alisema ukimchokoza nyoka, tarajia kuumwa.

Mwisho wa Disemba 2007, nchi ikianza kuwaka baada ya uchaguzi, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu walikuwa wanakufa, na nchi haikuruhusiwa kujiona.

Tarehe 30 Januari 2018, Raila alipojiapisha Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa. Mahakama Kuu iliamuru ziwashwe. Serikali ikaiangalia amri ya mahakama kama karatasi ya kufungia maandazi, na siku zikapita kabla ya skrini kurudi.

Tarehe 25 Juni 2025, vijana wakiwakumbuka wenzao waliouawa mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza stesheni zikome kuonyesha maandamano moja kwa moja. Stesheni kadhaa zikiwemo NTV na KTN zikaondolewa hewani. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo lile siku hiyo hiyo.

Angalia miaka hiyo. 2006 na 2007 ni Kibaki. 2018 ni Uhuru. 2025 ni Ruto. Mtu mmoja akibadilishwa na mwingine, swichi inabaki pale pale. Na sio kwamba Katiba haijasema. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinaikataza dola kudhibiti vyombo vya habari au kumwadhibu mtu kwa maoni aliyotangaza, na kinataka leseni zitolewe kwa utaratibu ulio huru kutokana na serikali, wanasiasa na wafanyabiashara. Tatizo ni kwamba karatasi haijitetei yenyewe.

Hapa pia niseme jambo la haki. Stesheni ya mwenye uzito wa kisiasa ndiyo iliyovamiwa 2006. Stesheni ya mfuasi wa upinzani ndiyo iliyozimwa 2018. Maana yake nini? Wenye mali wakiwa wengi na wa kambi tofauti, angalau mmoja atasema kile mwenzake anachoficha. Hatari kubwa ni siku ambayo wote watakuwa meza moja na mwenye Ikulu. Siasa zetu za handisheki tunazijua. Mabwana wakishapeana mikono, habari nazo zinapeana mikono.

HABARI ZETU ZINATOKA MBALI

Mwezi wa Disemba 2014 Al Jazeera ilitoa filamu ya uchunguzi kuhusu vikosi vya mauaji ndani ya polisi ya Kenya, na ndani yake maafisa wenyewe, sura zimefichwa, walizungumza juu ya kuwaua washukiwa. Sisi wa Mombasa hatukuhitaji filamu. Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi Agosti 2012, Sheikh Abubakar Shariff, Makaburi, Aprili 2014. Lakini ilibidi habari ya Mombasa itangazwe kutoka Doha, na kituo chenyewe pesa yake ni ya dola ya Qatar.

Aprili 2025 ikawa zamu ya BBC, na filamu ya uchunguzi kuhusu waliopigwa risasi nje ya Bunge tarehe 25 Juni 2024. Onyesho lililopangwa kufanyika Nairobi likafutwa kwa shinikizo la wenye mamlaka. Tena habari ya nyumbani, mpishi wa nje.

Siwasemi vibaya waliofanya kazi hizo. Mungu awalipe. Lakini tujiulize kwa nini nyumba zetu kubwa, zenye kamera na mawakili, hazikutangulia. Ujuzi upo. Mohammed Ali na Jicho Pevu pale KTN walituonyesha kwamba Mkenya akipewa muda, gari na mhariri asiyetetemeka, anaweza. Kinachokosekana ni mwenye mali aliye tayari kulipa gharama na kuvumilia simu za usiku.

Na mtu asiniambie "siku hizi tuna simu, hatuwahitaji." Simu imetusaidia sana, 2024 tuliona. Lakini X ni ya Elon Musk, aliyeinunua ikiitwa Twitter mwezi wa Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44. Facebook, Instagram na WhatsApp zote ni za Meta. Nako kuna mwenye mali, na huyu wetu hajui hata Kisauni ni wapi. Ukurasa unaweza kufungwa usiku na huna wa kumpigia. Intaneti yenyewe inaweza kupunguzwa kasi siku unapoihitaji. Zaidi ya hapo, kwenye simu uongo unatembea bila viatu. Sisi tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuichukua, na kuhakikisha ni kazi. Ni kupiga simu, kwenda mahali, kuuliza pande mbili, kusoma faili za korti. Kazi hiyo lazima mtu ailipie.

MWAKA 2027 UNAKUJA

Kama mtu bado anaona haya ni mambo ya wasomi, akumbuke Agosti 2022. Vituo vya kura vilikuwa 46,229. Tume iliweka fomu 34A kwenye mtandao ili kila mtu ahesabu. Runinga zilianza kuhesabu, kila moja na namba yake, moja inaonyesha huyu mbele, nyingine yule. Halafu baada ya siku chache, taratibu, hesabu zikasimama. Nchi nzima imekodoa macho kwenye skrini, na hakuna aliyetuambia vya kutosha kwa nini.

Fomu zilikuwa wazi kwa kila mtu. Mashine zilikuwepo, vijana wa kuingiza namba walikuwepo. Kwa nini waliacha? Labda uchovu, labda woga, labda simu. Mwananchi aliyebaki gizani hujaza giza kwa uvumi, na uvumi wa uchaguzi Kenya hii tunajua umewahi kutufikisha wapi.

TUFANYE NINI

Kulalamika tumelalamika vya kutosha. Haya ni mambo tunayoweza kuanza nayo, na mengine hayahitaji hata ruhusa.

Kwanza, tuombe majina. Tangu 2020 makampuni yanatakiwa kumwambia msajili ni nani hasa mwenye kufaidika nyuma ya hisa, lakini daftari hilo mwananchi halioni. Tudai kwamba kwa kampuni yoyote yenye leseni ya utangazaji, majina hayo yawe wazi kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mawasiliano. Masafa ya redio ni mali ya umma, kama ufuo wa bahari. Anayepewa kipande lazima ajulikane.

Pili, tutumie sheria ya kupata habari ya 2016. Ofisi ya umma ikiandikiwa barua ina siku 21 kujibu. Andikia kaunti yako: mwaka uliopita mmelipa redio na magazeti yapi, shilingi ngapi, kwa kazi gani? Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Na familia zenye vijana waliopotea zijue kwamba habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda wa kujibu ni saa 48. Wengi hawaijui njia hii.

Tatu, matangazo ya serikali yagawanywe kwa kanuni iliyoandikwa na kupitishwa na Bunge, kwa kuangalia nani anasikilizwa na nani na wapi. Asiwepo afisa mmoja wa kufungua na kufunga koki.

Nne, tuidai KBC. Katiba inasema chombo cha dola kiwe huru kuamua maudhui yake, kisipendelee, na kitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Pwani FM iko hapa kwetu na inalipiwa na kodi. Kama mbunge anapata nusu saa, anayempinga naye apate. Wasikataliwe kwa simu, wakatae kwa barua, ili tuwe na kitu cha kupeleka mahakamani.

Tano, tuwe na utaratibu wa malalamiko. Ukitangazwa kuwa mshukiwa kwa maneno ya polisi peke yake bila upande wako kusikilizwa, kuna Tume ya Malalamiko chini ya Baraza la Vyombo vya Habari. Kumtukana ripota kwenye Facebook hakuachi rekodi. Malalamiko yaliyoandikwa yanaacha.

Sita, kabla ya 2027 tuwaandikie wahariri sasa hivi: mtahesabu fomu 34A au hamtahesabu? Kwa kanuni gani? Mkisimama, mtatuambia kwa nini? Wajibu mapema, na majibu tuyaweke.

Saba, na hili ni gumu zaidi: tulipie habari yetu wenyewe. Wazo hili si geni Pwani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza na Sahifa mwaka 1930, kikaratasi kidogo tu, halafu Al-Islah mwaka 1932, hapa hapa Mombasa, wakati Mwingereza ndiye mwenye nchi. Hakungoja tajiri. Siku zetu hizi kuna Koch FM kule Korogocho, iliyoanzishwa na vijana wa mtaa, na Mang'elete FM kule Makueni, iliyoanzishwa na vikundi vya wanawake. Sheria ina leseni ya redio za jamii, tofauti na za biashara.

Na kuna jambo ambalo wazee wetu wanalielewa kuliko watu wengi: wakfu. Mali ikishawekwa wakfu haina tajiri wa kuiuza wala mrithi wa kuitumia kugombea kiti. Ina masharti na ina wasimamizi wanaoulizwa hesabu. Uingereza, mwaka 1936, wenye gazeti la Guardian waliliweka chini ya amana, Scott Trust, ili lisinunuliwe na kupindishwa. Walichofanya wao kinafanana sana na kile babu zetu wamefanya kwa karne nyingi kwa misikiti, visima na madrasa. Kama kisima cha maji kinaweza kuwekwa wakfu ili yeyote asiwanyime watu maji, chumba kidogo cha habari chenye waandishi wanne, kamera mbili na mhariri ambaye hakuna mfadhili anayeweza kumfukuza peke yake, nacho kinaweza. Masharti yake yaandikwe waziwazi: hakuna mgombea kwenye bodi, wachangiaji wote watajwe, na habari inayotukosoa sisi wenyewe, misikiti yetu, viongozi wetu, hata sisi wa mashirika ya haki, itoke kama nyingine.

Hilo la mwisho ndilo mtihani wetu. Ni rahisi kudai uhuru wa habari ukiwa wewe ndiye uliyenyimwa. Siku chombo chetu kitakapoandika kwamba pesa za mchango wa msikiti hazijulikani zilikokwenda, je, tutamlinda mwandishi au tutampigia mhariri simu?

Kwa hivyo tuanze na dogo kabisa. Leo usiku, kabla ya taarifa ya habari, andika kwenye karatasi stesheni zote zinazosikilizwa nyumbani kwako, za baba, za mama, za watoto. Mbele ya kila moja andika mwenyewe ni nani. Palipo na pengo, ndipo pa kuanzia barua ya kwanza. Leta karatasi hiyo kikao cha mtaa kijacho, na barua tutaiandika pamoja.

Wabillahi tawfiq.